Jinsi ya Kuitafuta Blaki Metali ya Kale Ukiwa Nyakatuntu

Zima sabufa. Hilo ndilo la kwanza, na asiyeliweza hilo, mengine yote yaliyomo humu hayatamfaa. Sabufa iliyowekwa pale sebuleni, yenye taa za kijani na nyekundu, imetengenezwa kwa ajili ya bongo fleva, amapiano na kwaya. Kazi yake ni kutikisa kifua cha mtu na kabati la vyombo. Blaki metali ya kale haina besi ya kutikisa chochote. Imerekodiwa gerejini, kwenye handaki, kwenye chumba cha mazoezi chenye maikrofoni moja, na sauti yake yote imepanda juu, kwenye mkwaruzo wa gitaa. Ukiipitisha kwenye sabufa utasikia kama mtu anayekohoa nyuma ya ukuta. Tafuta redio ndogo ya betri yenye spika moja, ile ambayo babu anasikilizia taarifa ya habari, ikiwa ina tundu la memori kadi. Isipokuwepo, vaa visikilizio vya masikioni, hata vile vya bei ya chini kabisa vinavyouzwa gulioni. Muziki huu ulitengenezwa na watu waliokuwa na vyombo vya aina hiyo hiyo, na unapatana navyo.

La pili, usijione uko mbali. Nyakatuntu ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa, na ukishuka kuelekea Murongo unakutana na mto Kagera, na ng'ambo yake ni Uganda. Sasa tazama huko ulikozaliwa muziki wenyewe. Hellhammer walitoka Nürensdorf, kijiji cha Uswisi. Venom walitoka upande wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kwenye makaa ya mawe na viwanda vya meli. Jarida la Slayer, ambalo mashabiki wa Norwei walilisubiri kwa hamu kuliko barua ya mchumba, lilianza mwaka 1985 mikononi mwa kijana mmoja wa Sarpsborg, mji ambao wengi wetu tusingeusikia kwa sababu nyingine yoyote. Wote hao walikuwa vijana wa pembezoni. Mtu wa Nyakatuntu anaianza safari hii akiwa na kitu ambacho mtu wa Oysterbay itabidi akihangaikie: ameshazoea kwamba kitu kizuri hakiletwi mlangoni. Unamuuliza mtu, naye anakuelekeza kwa mtu.

Usianzie Norwei. Najua kila anayeanza anaanzia huko, kwa sababu ya habari za makanisa yaliyochomwa na mtu aliyeuawa, na habari hizo nitazifikia, maana hazikwepeki. Lakini anayeanzia Norwei anaingia hadithini katikati, na matokeo yake anakariri majina ya wahalifu kabla hajausikia muziki wenyewe. Anzia mwaka 1981. Mwaka huo Venom waliingia studio ya Impulse pale Wallsend, ambako mmoja wao, Conrad Lant aliyejiita Cronos, alikuwa na ajira ndogo. Walirekodi kwa siku tatu wakidhani wanatengeneza kanda ya majaribio tu. Kampuni ya Neat ikaichukua kama ilivyo na kuitoa kuwa albamu, Welcome to Hell. Mwaka uliofuata wakatoa nyingine, Black Metal, na jina la albamu hiyo likawa jina la ukoo mzima.

Kisha nenda Stockholm, mwaka 1984, kwa kijana wa miaka 18 aliyejiita Quorthon. Hapa kaa sana. Albamu ya kwanza ya kundi lake, Bathory, ilirekodiwa kwenye gereji iliyogeuzwa studio, kwa fedha kidogo mno, na juu ya jalada lake kuna kichwa cha mbuzi. Quorthon alitaka mbuzi huyo awe wa rangi ya dhahabu. Rangi ya dhahabu ikawa ghali, akakubali kitu cha kukaribiana nayo, na nakala zilipotoka kiwandani mbuzi alikuwa wa njano, njano ya ndizi iliyoiva. Yeye mwenyewe hakuipenda. Zilikuwa nakala 1,000, na zilizofuata zikachapishwa kwa rangi nyeupe. Leo nakala moja ya mbuzi wa njano inauzwa kwa bei ya ng'ombe mzima, na wapo wanaotoa. Wewe huna haja ya kuinunua. Unachohitaji ni kuisikiliza yote kwa mpangilio wake, usiku, kuanzia ule mvumo wa dakika tatu unaoifungua, bila kuruka wimbo hata mmoja. Kurukaruka ndiko kunakowafanya watu waseme nyimbo zote zinafanana.

Ukitoka hapo, sambaa. Ramani ya muziki huu ni pana kuliko wanavyokueleza wenye fulana za duka. Kule Belo Horizonte, Brazili, kulikuwa na duka la sahani za santuri liitwalo Cogumelo ambalo likawa pia kampuni ya kurekodi. Mwaka 1987 likatoa I.N.R.I. ya Sarcófago. Kwenye jalada wamesimama makaburini, nyuso wamezipaka rangi, mikononi misumari, na hii ni kabla dunia haijajua kwamba kuna vijana wa Oslo wanaofanya hivyo hivyo. Ngoma zao zinakimbia kwa kasi ambayo mpigaji mwenyewe anaonekana hajui zitaishia wapi. Nchi yao ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwenye utawala wa kijeshi, mwaka 1985, na ghadhabu ya miaka hiyo unaisikia bila kujua neno la Kireno.

Hungaria kulikuwa na Tormentor. Walirekodi Anno Domini mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya serikali ambayo haikuwa na nafasi ya muziki wa namna hiyo, na albamu haikutoka. Ikabaki kanda. Kanda hiyo ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa, hadi ikafika Norwei, ambako vijana waliisikiliza na kuistaajabia, na miaka michache baadaye wakamwita mwimbaji wake, Attila Csihar, akawaimbie Mayhem kwenye albamu yao ya mwaka 1994. Albamu yenyewe ya Tormentor ilitolewa rasmi mwaka 1995. Fikiria hilo: kazi iliyoubadilisha muziki wa nchi nyingine ilikuwa, kwa muda wote huo, haijatoka.

Halafu Prague, kwa Master's Hammer. Hawa walimweka kwenye kundi mpigaji wa ngoma kubwa za okestra, zile za shaba zinazopigwa kwa vijiti vyenye vichwa laini. Albamu yao Ritual. ya mwaka 1991 ndiyo ninayompa kila mtu wa huku anayeniuliza aanzie wapi, kwa sababu sikio lililokulia penye ngoma linaikubali mara moja. Na usiwasahau Mystifier wa Salvador, Bahia, walioanza mwaka 1989 katika mji wa Brazili wenye damu nyingi ya Afrika kuliko miji yake mingine mikubwa. Atakayekuambia kwamba huu ni muziki wa watu weupe peke yao, mpe Mystifier, ukae kimya.

Sasa namna ya kutafuta. Wenyewe walitafutana kwa barua. Hakukuwa na njia nyingine. Kijana alirekodi kanda ya kaseti, akaifunga kwenye bahasha, akaandika kikaratasi cha orodha ya kanda alizonazo, akamtumia mwenzake wa nchi nyingine. Mwenzake akamrudishia kanda yake na orodha yake. Walikuwa hawana fedha ya stempu, hivyo walizipaka sabuni au gundi juu, mhuri wa posta ukikaa juu ya sabuni badala ya karatasi, na mpokeaji akazibandua, akaziosha, akazitumia tena. Kila nakala iliongeza mvumo kidogo. Kanda ya mkono wa tano ilikuwa mvuke mtupu na mtu anayelia ndani yake, na wapo waliorekodi albamu zao wakiiga kwa makusudi sauti ya kanda iliyochoka, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoujua muziki na kuupenda. Wazazi wetu waliorekodi rumba ya Kongo kutoka redioni, wakaazimana kanda, wakazirudisha tepu kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, wanalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Kwa hiyo fuata majina. Nyuma ya kila albamu ya kale kuna orodha ya shukrani, na orodha hiyo ndiyo ramani. Kundi lililoshukuriwa mwaka 1986 na watu watatu tofauti ni kundi la kutafutwa. Tazama picha pia: fulana aliyovaa mpiga besi ina nembo, na nembo hiyo, hata kama inasomeka kama mizizi ya mti, ni jina. Andika kwenye daftari: jina, mji, mwaka, nani alimtaja. Kuna kamusi kubwa ya makundi ya metali mtandaoni, Encyclopaedia Metallum, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo unaweza kuipekua kwa nchi. Weka Kenya, weka Uganda, uone. Usiiachie simu ikuchagulie wimbo unaofuata. Simu itakurudisha kwa wale wale wachache wakubwa kila siku, kwa sababu hao ndio wanaosikilizwa na wote.

Suala la bando lisikutishe. Kanda za majaribio ni fupi. Deathcrush ya Mayhem, ya mwaka 1987, haifiki dakika 20. Mpe kijana wa kibanda cha kuchajia simu na kuingizia nyimbo jina lililoandikwa vizuri kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na umwombe asiichanganye folda yako na ile ya injili ya mteja anayefuata. Hilo la mwisho ni la maana sana.

Na hapo kwenye Deathcrush tulia kidogo. Wimbo wa kwanza humo si wa gitaa hata kidogo. Ni mdundo wa kijeshi uliotengenezwa na Conrad Schnitzler, mzee wa muziki wa elektroniki wa Ujerumani. Ulifikaje pale? Euronymous, mpiga gitaa wa Mayhem, kijana asiye na jina wakati huo, alisafiri hadi Ujerumani akaenda mlangoni kwa mzee huyo na kumwomba kipande. Mzee akampa. Nakala za kwanza za rekodi hiyo zilikuwa 1,000, na zinaanza kwa zawadi ya mtu aliyekuwa na umri wa kumzaa. Nimeliweka jambo hili hapa kwa sababu nitalihitaji baadaye.

Utasikia pia habari za Grymyrk, kanda ya kundi la Thorns ya mwaka 1991. Ni gitaa na besi tu. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Snorre Ruch amekaa na nyuzi zake, anazichapa kwa namna ambayo noti zinagongana na kuumana, na wenzake wote wa Norwei wakaichukua namna hiyo ikawa lugha yao. Kama una muda wa kusikiliza kitu kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, na unataka kuelewa gitaa hili linatafuta nini, sikiliza hicho.

Nyumbani watakuuliza. Mama akisikia, atauliza ni nani anayechinjwa. Mwambie ukweli: ni mtu anayeimba, ameamua koo lake litoe sauti hiyo, na ni kazi ngumu. Akiuliza kama ni muziki wa shetani, usimdanganye. Wengi wao walilitumia jina hilo, wengine kwa mchezo wa kuogopesha watu kama Venom, wengine wakaliamini hadi wakapotea. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa, na mengine yakafuata. Agosti 1993 Varg Vikernes wa Burzum alimuua Euronymous kwa kisu, akahukumiwa miaka 21. Sisi tunaoishi katika kata ambazo bibi zetu walibeba matofali na maji kichwani ili parokia na sharika zisimame tunajua kanisa lililochomwa ni jasho la nani. Sioni ushujaa wowote katika kulichoma. Ni uovu na ni upumbavu, na muziki haukuhitaji hata moja ya hayo. Bathory na Tormentor walikuwa wameshafanya kazi yao bila kiberiti.

Kuna pia waliofuata ubaguzi wa rangi, na hao wapo hadi leo. Kanuni yangu ni nyepesi. Kabla ya kumpa mtu shilingi, tafuta anachokisema kuhusu watu kama wewe. Akiwa mbaguzi, mwache, hata kama gitaa lake ni tamu. Makundi ni mengi na maisha ni mafupi. Gitaa la Blasphemy wa Kanada, ambao albamu yao ya mwaka 1990 inaheshimiwa na kila mpenda muziki huu, lilipigwa na mtu mweusi. Tuna haki na nyumba hii sawa na yeyote.

Tena nyumba hii ina vyumba jirani. Ukivuka daraja la Murongo kwenda Kikagati, Mbarara na mbele zaidi, utafika Kampala, ambako Vale of Amonition wamekuwa wakipiga metali nzito ya mwendo wa pole tangu mwaka 2009. Kampala hiyo hiyo ndiko Wakenya wawili wa Duma, Martin Khanja na Sam Karugu, walikorekodi albamu yao iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes Agosti 2020, albamu ya kelele na mayowe iliyowafanya watu wa Ulaya wageuze shingo kuitazama Nairobi. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, akatoa The Adept mwaka 2024, akiikumbuka familia yake, ambamo yumo Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa fildi mashali wa Mau Mau. Hapo metali imekuwa kumbukumbu ya mababu, na kumbukumbu ya mababu ndiyo ninayotaka kuimalizia.

Kwa maana ukishakaa na kanda hizi msimu mzima wa mvua, sikio lako litabadilika. Litaacha kudai sauti safi. Litajifunza kusikia nyuzi ndani ya mvumo, kuvumilia kitu kinachojirudia hadi kujirudia kwenyewe kuwe utamu, kumfuata mwimbaji anayesimulia vita, wafalme na nguvu za maji kwa dakika nyingi bila kiitikio. Sikio hilo likishakuwa tayari, una sikio la kusikiliza enanga.

Enanga unaijua: ubao uliochongwa kama sinia refu, uzi ukipitishwa na kurudishwa juu yake hadi ukatoa nyuzi saba au nane, mpigaji ameuweka mapajani, anaimba tendi za Mugasha, za Rukiza, za Kachwenyanja. Wahaya wanayo na Wanyambo wa Karagwe wanayo. Taifa linalijua jina la Saida Karoli, ambaye mwaka 2001 aliifanya nchi nzima iimbe Kihaya kwa wimbo wake Maria Salome, naye anastahili kila sifa. Lakini yeye kwa muziki wa Kagera ni kama Norwei kwa blaki metali, pale ambapo kila mtu anaanzia na wengi wanaishia. Nyuma yake kuna wapigaji wa enanga ambao sauti zao zimo kwenye kaseti moja, ndani ya kabati moja, katika kijiji kimoja. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifuata tendi hizi kwa wasanii wenyewe, akaandika mwaka 1983 akihoji kama hawa si watambaji wa tendi sawa na wale wanaosifiwa duniani, na kitabu chake cha mwaka 2002 bado ndicho cha kuanzia kwa msomaji. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodi, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Kilichobaki kimo majumbani, na tepu ya kaseti haipendi joto, vumbi wala panya.

Mbuzi wa njano wa Bathory ana nakala 1,000 na walinzi dunia nzima. Kanda ya mzee wa enanga wa bonde la pili kutoka kwenu huenda ina nakala moja, nayo upande wa pili yamerekodiwa mahubiri juu yake. Ukitaka kuitwa mtafutaji wa muziki adimu, hiyo hapo.

Nenda mlangoni kwa mzee, kama yule kijana alivyokwenda kwa Schnitzler. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari, majani ya chai, sabuni ya mche. Shikamoo kwanza, habari za shamba, za kahawa, za wajukuu, na usiitaje kanda mpaka mwenyewe akuulize umefuata nini. Kama anapiga bado, muombe apige akiwa amekaa anapopazoea, na usimkate katikati hata utendi ukichukua usiku mzima. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite. Iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, mbali kidogo na nyuzi, isielekee mlango wenye upepo. Kama ana kaseti tu, usiicheze kwanza: ifungue taratibu, angalia kama tepu imeshikana, izungushe kwa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo uiweke kwenye redio iliyosafishwa kichwa kwa pamba na spiriti. Rekodi kila kitu, pamoja na kikohozi na kuku. Andika jina la mpigaji, jina la utendi, kijiji, mwaka aliokumbuka, na nani alimfundisha, kisha uliza aliyemfundisha alitoka wapi, maana kesho utakwenda huko. Nakala moja ibaki kwake, nyingine mpe mjukuu mwenye simu nzuri, ya tatu ipeleke kwenye redio ya Kayanga uwaombe waipige jioni. Yako mwenyewe iweke kwenye folda moja na Tormentor.